Ufa wa Kioo Hauzibwi

Usipoziba ufa utajenga ukuta, husema wahenga, na kwa nyumba ya udongo hakuna anayebisha. Kwa kioo kilichounganishwa tanurini mambo ni kinyume. Anayekimbilia kuziba ufa ndiye anayepoteza, na anayekubali kujenga ukuta upya ndiye anayeokoa mali yake. Mwongozo huu ni wako wewe unayechoma vioo katika kibanda cha uani, iwe Tegeta, Mbagala au Tandika, ukiwa na tanuri dogo la umeme, makombo ya vioo bapa kutoka kwa mafundi aluminiamu, na chupa zilizomeguka midomo zisizorudi tena kwenye kreti. Umefungua tanuri asubuhi ukakuta sahani uliyoihangaikia siku mbili imegawanyika. Ninachokuomba ukubali ni kwamba sahani ile haipo tena. Kilichopo mbele yako ni ushahidi wa kosa fulani, na pia ni malighafi nzuri kuliko ile uliyoanza nayo. Ukiusoma ushahidi kwanza, ndipo malighafi itakufaa. Ukianza na malighafi, kosa lile lile litakurudia.

Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, kipige picha kioo kikiwa bado juu ya bamba la tanuri, kwa sababu mahali vipande vilipolala ni sehemu ya maelezo. Kisha pitisha kidole, taratibu, kando ya ufa. Ikiwa ncha zake zimeviringika na kulainika kama kokoto ya pwani, kioo kilipasuka wakati joto linapanda: kilikuwa bado kigumu kilipopasuka, na moto mkali uliofuata ukazilainisha ncha. Maana yake uliharakisha mwanzoni. Ikiwa ncha ni kali, zinakata, basi ufa ulitokea wakati wa kupoa, na hapo uangalie umbo lake. Ufa unaokatiza kioo kwa mpindo kama wa herufi S, wenye kijindoano mwishoni, mara nyingi husema kwamba kioo hakikupumzishwa vya kutosha. Ufa unaofuata mpaka wa rangi, ukizunguka ua la kijani ulilolipachika juu ya kioo cheupe kana kwamba umechorwa kwa penseli, unakuambia kwamba vioo vile viwili havipatani. Na kama chini ya kipande kuna makovu, vibanzi vya kioo vikiwa vimebaki kwenye bamba, basi kioo kiliganda kwenye bamba kikashindwa kusinyaa kwa uhuru kilipopoa. Hilo ni kosa la kinga inayopakwa kwenye bamba, halihusiani na ratiba ya moto.

Kati ya makosa hayo manne, la kutopatana linahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa ndilo pekee lisilotibika kwa kuchoma tena. Kioo hutanuka kikipata joto na kusinyaa kikipoa. Kioo bapa cha dirisha chenye urefu wa mita 1 hurefuka kwa karibu milimita 0.9 kila joto linapopanda nyuzi 100 za selsiasi. Kioo cha chupa kinakaribiana na hicho, lakini kukaribiana si kulingana. Vioo viwili vikishaungana huku vimelainika, kisha vikaanza kupoa kuelekea joto la chumba, kimoja kikitaka kusinyaa zaidi ya mwenzake, vinabaki vikivutana milele. Havikupasuka leo? Vinaweza kupasuka wiki ijayo juu ya kabati la mteja. Ndiyo maana chupa ya kijani ya soda na kioo cha dirisha, ingawa vyote ni mchanga, magadi na chokaa, haviaminiki kuoana kwa sababu tu vyote ni kioo. Hata chupa mbili za bia za kahawia zilizotoka viwandani kwa nyakati tofauti zinaweza kutofautiana. Kanuni salama ni kuunganisha kipande na kipande cha bamba lile lile la kioo, au chupa na chupa ile ile, na kuviandika kwa kalamu ya wino mzito kabla havijachanganyika kwenye ndoo.

Ukiwa na shaka, pima. Huhitaji maabara. Kata ukanda wa kioo cheupe, weka juu yake kibanzi cha kioo kingine, viunganishe, vipumzishe vizuri, kisha subiri vipoe kabisa. Fungua ukurasa mweupe mtupu kwenye skrini ya kompyuta mpakato, vaa miwani ya jua ya polaroidi, na uinamishe kichwa taratibu mpaka skrini igeuke nyeusi machoni pako. Sasa shika kile kioo kati ya skrini na miwani. Kioo kisicho na mvutano hubaki cheusi kama skrini yenyewe. Chenye mvutano huwaka pembeni mwa kile kibanzi, kama mbalamwezi inayochungulia nyuma ya wingu. Kadiri mwanga unavyozidi ndivyo ugomvi unavyozidi. Kipimo hicho hicho kitumie kwa vipande vya sahani iliyovunjika: kipande kisichowaka ni kizima ndani, unaweza kukikata kwa amani. Kinachowaka kote kilikosa kupumzishwa, na ukikipitishia almasi ya kukatia kinaweza kukatika kokote kitakako. Kirudishe kwanza tanurini, kipumzishe, ndipo ukikate. Kinachowaka kwenye mpaka wa rangi tu, usikiamini tena, hata kama kinaonekana kizima.

Hapa ndipo pingamizi la kawaida linapokuja, na lina akili ndani yake. Moto uliounganisha vipande mara ya kwanza, kwa nini usiviunganishe mara ya pili? Sukuma nusu mbili zigusane, panda tena hadi nyuzi 800 na zaidi, ufa utajifunga. Ni kweli utajifunga, kwa namna fulani. Juu kioo kitalainika na kuungana, lakini kioo kilichoyeyuka ni kizito kama asali iliyoganda, hakikimbii kama maji. Bila kuzuiwa, kioo kilichoyeyuka huelekea kutulia kwenye unene wa milimita 6 au 7. Chenye unene huo tayari hakina sababu ya kusogea kwenda kujaza mwanya. Kwa hiyo chini unabaki mstari, pembeni pale ufa ulipotokea panabaki pengo dogo kama jino lililong'oka, na viputo vya hewa hujipanga kando ya kovu. Jicho la mnunuzi litaliona kovu kabla ya kuiona kazi. Na kama chanzo kilikuwa kutopatana, umelipia umeme ili kuupata ufa ule ule mahali pale pale. Kuziba kunafaa katika hali moja tu ninayoweza kuitetea: ufa wenye ncha za mviringo, katika kioo cha aina moja, ambao uko tayari kuufunika kwa ruwaza mpya kana kwamba ulikuwa umepangwa. Weka juu yake nyuzi za kioo, au tabaka zima la kioo cheupe, na upindue kazi ili sehemu ya chini iwe juu. Hapo hujaziba ufa. Umetengeneza kitu kingine.

Pingamizi la pili ni la mfuko, nalo ni zito zaidi kwa fundi wa Temeke kuliko kwa mtu mwenye studio kubwa. Kioo bapa ni rahisi, umeme ni ghali, kwa nini usitupe uanze upya? Tufanye hesabu. Tanuri la kilowati 3 likiwaka nusu ya muda kwa saa 10 hula uniti 15. Kwa bei ambayo shilingi 1,000 ya LUKU hukupa uniti 2.8, mchomo mmoja ni kama shilingi 5,400. Fedha hiyo itatoka vilevile ukichoma kioo kipya au kilichookolewa. Tofauti iko katika ulichokwisha kuweka ndani ya vipande: mchomo wa kwanza, rangi, siku za kupanga. Kipande kilichokwisha kuchomwa kina tabaka ambazo kioo kipya hakina, na ndizo zinazouza. Hoja ya umeme basi inatuongoza kwingine kabisa: usichome kipande kimoja kilichovunjika peke yake. Kusanya vigae vya miezi, vipange kwa aina na bamba lilikotoka, na uchome tanuri likiwa limejaa.

Njia ya kwanza ya kuokoa ni ya unyenyekevu, na watu huiruka: punguza. Sahani ya sentimita 30 iliyopasuka pembeni ina ndani yake vigae vinne vya ukutani, au vifuniko vya vikombe, au kioo cha fremu ndogo. Chora mistari mbali na ufa kwa angalau sentimita moja, kata kwa almasi na mafuta kidogo, sugua ncha kwa msasa wa maji kama ule wa mafundi rangi wa magari, ukianza na wa chenga kubwa hadi laini, kisha rudisha tanurini kwa moto mdogo wa kama nyuzi 700 kulainisha ncha. Ubaya wake ni kwamba kazi kubwa inakuwa ndogo. Uzuri wake ni kwamba haina hatari.

Njia ya pili ndiyo ninayoipenda, na ndiyo inayothibitisha hoja yote. Chukua vipande vya kazi yenye tabaka nyingi za rangi na uvikate kuwa kanda za upana wa sentimita 1. Usizilaze jinsi zilivyokuwa. Ziinue kila moja isimame kwa ubavu, ili kile kilichokuwa ndani ya unene, ambacho hakuna aliyekiona, kiwe ndicho uso. Zipange zikibanana ndani ya kingo za matofali ya tanuri yaliyopakwa kinga. Bamba la sentimita 30 kwa 30 lenye unene wa milimita 6 hutoa kanda 30, na zikisimama kwa ubavu huwa bamba jipya la sentimita 18 kwa 30 lenye unene wa sentimita 1. Ufa wa zamani hutoweka katika mpango huu kwa sababu unageuka kuwa mwisho wa ukanda mmoja kati ya thelathini, nao ukanda wenyewe unaweza kuupindua kichwa chini, ukaupisha nafasi, ukauweka kando ya wenzake wasiofuatana. Ruwaza inayotokea ni kama mkeka wa ukili: mistari inayokaribia kukutana kisha ikapishana. Hakuna kioo kipya kinachoweza kukupa hiyo moja kwa moja. Ndugu zetu wa zamani wa Mediterania walijua hili. Kabla kupuliza kioo hakujagunduliwa, kama miaka 2,000 iliyopita, walitengeneza mabakuli kwa kupanga vipande vya rangi na kuviunganisha kwa moto. Sanaa hii ilianzia kwenye vipande.

Njia ya tatu ni ya vile visivyokatika: vibanzi, vipembe, makombo. Hivyo vitengeneze chenga, neno lile lile la chenga za mchele. Pasha vigae hadi nyuzi 350 hivi, uvishike kwa koleo refu ukiwa na miwani ya kinga na glavu nene, na uvidumbukize kwenye ndoo ya chuma yenye maji. Vitajaa nyufa ndogo ndogo na kuvunjika kwa kugongwa kidogo. Ukivitwanga kwa chuma, pitisha sumaku kwenye chenga zilizokauka, maana unga wa chuma huacha madoa meusi. Chekecha, tenganisha nene na nyembamba: chenga nene hukupa kioo kinachopitisha mwanga, unga laini hukupa kioo cha maziwa, kwa kuwa hewa hunaswa kati ya punje. Ili ujue kiasi, jaza kalibu maji hadi unene unaoutaka, pima mililita, zidisha kwa 2.5, upate gramu za kioo. Duara la sentimita 20 lenye unene wa milimita 6 linataka karibu gramu 470. Mwenye kudhani hii ni kazi ya kubahatisha atazame Afrika yenyewe. Wakrobo wa Ghana hutwanga chupa zilizovunjika, hujaza unga katika kalibu za udongo, husimamisha kikonyo cha jani la muhogo katikati, na kikonyo kikiungua hubaki tundu la kupitisha uzi. Na pale K2, karibu na Mapungubwe huko Afrika Kusini, kati ya karne ya 11 na ya 13, mafundi waliyeyusha shanga ndogo zilizoletwa na biashara ya Bahari ya Hindi wakaziunda upya katika kalibu kuwa shanga kubwa za kwao. Mihogo ya Mbagala na Kigamboni ina vikonyo vilevile.

Usafi ndio utakaoamua kama yote haya yatang'aa. Kioo kilichokwisha kuchomwa mara moja hushambuliwa kwa urahisi na ukungu mweupe, ngozi ya fuwele inayoota juu yake kikikaa muda mrefu katika joto la kati ya nyuzi 700 na 800. Mbegu zake ni uchafu: alama za vidole, mafuta ya almasi, unga wa msasa. Osha kwa sabuni, suuza, kausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Mabaki ya kinga chini ya kipande yaloweke kwenye siki nyeupe usiku kucha kisha sugua kwa brashi. Kisha pulizia maji ya boraksi, ile ile wanayotumia masonara kuchomelea dhahabu: kijiko kidogo katika kikombe cha maji ya moto, pamoja na tone la sabuni ili isambae. Ukungu ukishatokea, usitumaini moto utauondoa. Usugue wote kwa msasa, pulizia boraksi, choma tena, ukipita haraka katika joto lile la hatari. Na kwa kinga ya bamba, Dar es Salaam ina bahati ambayo miji mingi haina: vilima vya Pugu vina akiba kubwa ya kaolini. Ichanganye na alumina na maji hadi iwe nyepesi kama maziwa, paka tabaka nne au tano ukibadilisha mwelekeo wa brashi, ikauke kabisa. Vaa barakoa unapoikwangua, kwani vumbi hilo na vumbi la kioo havipaswi kuingia mapafuni. Fanya kazi yote ya kusaga na kufagia kwa maji.

Ratiba ya moto kwa kioo kilichookolewa lazima iwe ya polepole kuliko ya kioo kipya, kwa sababu sasa unapasha kitu kinene chenye unene usio sawa. Panda kwa nyuzi 100 kwa saa hadi 540, kisha kimbia hadi 810 au 820 kwa kioo bapa, kaa dakika 10, shuka. Usifungue mlango. Karibu na nyuzi 550 kaa saa nzima kwa unene wa milimita 6, zaidi ya mara mbili ya hapo kwa unene wa sentimita 1, kisha shuka taratibu, nyuzi 50 hadi 80 kwa saa, mpaka 370. Huku ndiko kupumzisha kioo: kukipa muda ndani na nje vifikie joto moja kabla ya kuganda. Umeme ukikatika wakati wa kupanda, acha tanuri lipoe lenyewe, uanze tena kesho. Ukikatika wakati wa kushuka, usiinue kifuniko kuchungulia. Matofali hushika joto kwa saa nyingi. Umeme ukirudi, kipimajoto kikionyesha zaidi ya nyuzi 400, panda polepole hadi 550 na upumzishe upya. Kikiwa chini ya hapo, acha kipoe kabisa, kisha kipumzishe siku nyingine kuanzia mwanzo. Kioo hakina kinyongo kwa kupumzishwa mara mbili.

Wapo wanaosema kuuza kioo kilichovunjika ni kumdanganya mnunuzi. Ingekuwa hivyo kama ungeficha ufa, na hiyo ni sababu nyingine ya kutouziba. Kazi iliyokatwa na kupangwa upya haina cha kuficha, mradi umeipima kwa miwani na skrini, na umwambie mteja ilivyotengenezwa. Gundi nayo iwe ya kubandika kazi ukutani au kwenye fremu. Sahani ya chakula iliyogundishwa haifai kuuzwa kamwe, kwa kuwa itaoshwa kwa maji ya moto na kuachia.

Na vipo visivyookoka. Kioo cha kujitazamia chenye fedha mgongoni, mpaka utakapoiondoa yote. Kioo cha mbele cha gari, ambacho kina utando wa plastiki katikati. Bakuli la kuokea na kioo cha jiko, ambavyo hutanuka tofauti kabisa na kioo cha kawaida na vitapasua chochote utakachoviunganisha nacho. Kioo cha temper cha mlango au cha pembeni mwa gari hakikatiki, lakini kikivunjika chenyewe huwa vidonge vidogo vinavyofaa sana kuwa chenga, na joto la kuunganisha huondoa ugumu wake wa kiwandani. Vigae vya chupa vilivyobaki, visivyo na rangi za kupaka, chuma wala kioo cha aina nyingine, viweke kwenye kiroba chake kwa rangi yake: kiwanda cha chupa kama Kioo Limited pale Chang'ombe huyeyusha vigae pamoja na mchanga mpya, na kila asilimia 10 ya vigae hupunguza nishati ya tanuri kwa karibu asilimia 3. Vyenye mchanganyiko vikae kwenye kiroba cha peke yake, kimefungwa na kuandikwa, ili mzoataka asije akakishika kwa mkono mtupu.